Mafaili yamegoma kufutika kwenye Recycle Bin ya diski ya nje

mpigapicha_moro
Wakuu habari za leo, naomba msaada kwa mnaozijua hizi mashine. Nina hadi diski (hard disk) ya nje ya TB 1 ndo natunzia kazi zangu za video, harusi, sendofu, kipaimara, zote zimo humo. Juzi nikafuta folda za kazi ambazo wateja walishachukua zao, maana Jumamosi nina harusi na nafasi hakuna, zikaenda Recycle Bin vizuri tu. Sasa nikisema nilimwage pipa inafuta inafuta ikifika kwenye klipu moja inagoma, inasema faili limefunguliwa kwenye programu nyingine na mimi sijafungua kitu chochote. Nikizima nikawasha tena nikachomeka diski inakuja meseji tofauti, eti pipa la E, ndo hiyo diski, limeharibika, nataka limwagwe? Nabonyeza ndiyo, kimya, mafaili yapo palepale na alama ya nafasi ya E bado nyekundu, yaani imejaa. Natumia Windows 10.
Huko mtandaoni wanasema pakua kiprogramu fulani cha kulazimisha mafaili yafutike ila naogopa kuweka kitu nisichokijua kwenye mashine ya kazi. Na humo ndani kuna video za wateja sijakabidhi bado, hizo ndo zinanikosesha usingizi.

chuma_cha_pua
Mkuu kama shida ni nafasi tu hamisha vya maana weka sehemu nyingine halafu fomati hiyo diski, umemaliza.

fundi_wa_kirumba
Kufomati iwe ya mwisho kabisa, hajafika huko.
@mpigapicha_moro kabla hujagusa kitu, zile video ambazo hujakabidhi zikopi kwanza kwenye diski nyingine, hata ya kuazima. Nasema hivyo sababu ya ile meseji ya pili. Faili kushikiliwa na programu ni jambo dogo sana, lakini Windows ikianza kusema pipa limeharibika mara nyingi mpangilio wa mafaili kwenye diski una hitilafu, labda waya ulichomoka au umeme ulikatika wakati inaandika, na kuna wakati diski yenyewe ndo inachoka. Ukishakopi weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, itakuonyesha hali ya diski kwa rangi. Bluu endelea, njano au nyekundu usiisumbue tena, toa vilivyobaki utafute nyingine.

Sasa uelewe pipa lenyewe, maana ukilielewa hutahitaji vile viprogramu vya kulazimisha. Hilo unaloliona kwenye skrini sio folda moja, kila diski ina pipa lake limefichwa linaitwa $RECYCLE.BIN, na ndani yake kila mtumiaji ana folda yake yenye jina refu linaloanza na S-1-5-21. Ukifuta klipu haikai humo na jina lake, inapewa jina jipya la kuanzia $R, na pembeni yake kunakuwa na kifaili kidogo cha $I kinachotunza jina la zamani, ilipokuwa, na tarehe uliyoifuta. Kile kidogo kikiharibika pipa haliitambui tena ile kubwa, huioni lakini nafasi inakula vilevile.

Anza na anayeshikilia. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon (inafungua Resource Monitor ya Windows), nenda CPU, halafu kwenye Associated Handles kuna kiboksi cha kutafutia, andika recycle. Programu itakayotokea hapo ndo imeshika faili lako. Kwa watu wa video mara nyingi ni programu ya kuhariri, unafunga dirisha lakini kwa chini inaendelea kukimbia, au ni Explorer yenyewe inatengeneza zile picha ndogo za video, au antivairasi inakagua. Kama ni ya kuhariri izime kabisa kwenye Task Manager, ila hakikisha ulishasevu kazi zako.

Baada ya hapo fungua Command Prompt kama admini, andika amri hii ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa diski:

chkdsk E: /f

Itauliza kama iiondoe diski kwa muda kwa sababu inatumika, funga kila kitu cha kwenye E ndo ukubali. Iache imalize, usichomoe waya hata ikionekana imeganda. Ikimaliza:

rd /s /q E:\$Recycle.Bin

Hiyo inaondoa folda yote ya pipa kwenye E, na Windows itatengeneza nyingine yenyewe siku ukifuta kitu. Usiogope kwamba umefuta kitu cha mfumo. Lakini angalia HERUFI ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana hiyo amri haikuulizi swali na baada yake hakuna pa kurudishia. Na iandike kwenye Command Prompt, sio PowerShell, lile dirisha jingine la amri la Windows. PowerShell ikiona ile alama ya dola inadhani Recycle ni jina la kigezo, haitaelewa unachotaka. Kama umezoea PowerShell yenyewe ina yake, Clear-RecycleBin -DriveLetter E, nayo inatosha pipa likiwa zima, ila kwa lako lililoharibika tumia rd.

mpigapicha_moro
Mkuu ubarikiwe sana. Nimeazima diski kwa jamaa yangu nimekopi kazi zote za wateja kwanza, nimezifungua moja moja zinacheza. CrystalDiskInfo ni bluu. Kwenye resmon kweli imetokea programu ya kuhariri, na dirisha lake nilishalifunga tangu asubuhi! Nimeizima, chkdsk ikasema imekuta makosa imerekebisha, ile rd ikapita bila neno. Ila kuna kitu sijaelewa, mafaili niliyofuta yalikuwa kama GB 140 hivi na nafasi iliyorudi inazidi 300. Zingine zimetoka wapi? Nimeogopa nikaenda kuangalia folda zangu, zote zipo.

binti_wa_data
Hujapoteza kitu kaka, nadhani hiyo diski ulishaichomeka kwenye kompyuta nyingine ukafutia huko. Ni zile folda za S-1-5-21 alizosema fundi. Ukifuta ukiwa kwenye kompyuta ya studio nyingine, mafaili yanaingia kwenye folda ya mtumiaji wa kule, ukirudi kwako pipa lako linakuonyesha ya kwako tu. Unaona pipa tupu na diski imejaa, watu wengi wananunua diski mpya kwa sababu hiyo tu. Ile rd imefagia mapipa ya watumiaji wote kwa pamoja. Kwa hiyo kama diski mnatumia watu kadhaa waulizeni wenzenu kwanza, inawezekana kuna mtu kafuta kitu kwa bahati mbaya anategemea kukirudisha.

chuma_cha_pua
Hii ya watumiaji tofauti sikuijua, asanteni. Mimi natumia Ubuntu, flashi inasema imejaa na nikiifungua haina kitu, ni jambo hilohilo?

binti_wa_data
Karibu hilohilo. Fungua flashi ubonyeze Ctrl na H, utaona folda iliyofichwa inaitwa .Trash-1000, hiyo namba ni ya mtumiaji wako. Ifute kwa Shift na Delete, ukifuta kawaida itarudi kulekule kwenye taka. Ya kwenye mashine yenyewe yanakaa ~/.local/share/Trash, na kama kuna yanayogoma humo mengi ni mafaili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, yanataka uyafute kwenye Terminal kwa sudo rm -rf. Andika njia yote ya folda bila kuweka nafasi katikati, nafasi moja ikikaa vibaya kwenye hiyo amri inafuta sehemu nyingine kabisa.

fundi_wa_kirumba
@mpigapicha_moro kwa kazi zako za mafaili makubwa, ukiwa na uhakika mteja kashachukua zake na kopi unayo, futa kwa Shift na Delete, haipiti kwenye pipa kabisa. Halafu bonyeza kulia kwenye Recycle Bin, Properties, chagua E upunguze ukubwa wa pipa lake. Na hiyo diski ya kuazima usiirudishe mpaka harusi ya Jumamosi iishe na umekopi kazi yake sehemu mbili.