Acheni kuwaambia watu kwamba skripti za init.d "zitaendelea kufanya kazi" kwenye systemd

Wakuu, hili jambo limechosha. Tangu Debian 8 (toleo la mfumo wa Linux) itoke Aprili 2015 na systemd ikachukua nafasi ya sysvinit kama programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine, kila anayeuliza namna ya kuhamisha seva ya zamani anajibiwa: piga dist-upgrade (amri ya kupandisha toleo) tu, skripti zako za init.d, zile za sysvinit za kuwasha na kuzima huduma, zitaendelea kufanya kazi. Huo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoangusha huduma za watu.

Kinachotokea ni hiki. Mashine ikiwaka, systemd inapitia /etc/init.d, na kila skripti isiyo na faili yake ya .service (maelekezo ya systemd kuhusu huduma hiyo) inatungiwa ya muda ndani ya /run/systemd/generator.late. Skripti isipotaja pidfile (faili yenye namba ya mchakato) kwenye maelezo yake ya juu, faili hiyo inawekwa RemainAfterExit=yes. Yaani skripti ikimaliza bila kosa, huduma inahesabiwa iko hai hata programu ikifa dakika mbili baadaye. systemctl status itaonyesha active kwa kijani, na pembeni neno exited ambalo watu hawalisomi. Ukipiga systemctl start hakifanyiki kitu, maana kwake imeshaanza. Mpaka upige restart. Na Restart=no imo humo humo, kwa hiyo usitegemee itajiinua yenyewe.

Sasa mtu anayeshauri wenzake aseme hivi: piga systemctl cat jina-la-huduma. Ukiona njia ya generator.late, huduma hiyo bado haijahamishwa. Izime kwanza kwa skripti yake ya zamani, kisha hakikisha kwa amri ya ps hakuna mchakato uliobaki, kwa sababu faili hizo za muda zina KillMode=process na watoto wa mchakato huachwa wakiwa wameshikilia poti. Ndipo uandike /etc/systemd/system/jina.service: Type=simple, ExecStart yenye njia kamili, User, Restart=on-failure, na WantedBy=multi-user.target. Ondoa ile opsheni ya kuipeleka programu nyuma; ukiiacha pamoja na Type=simple, systemd itadhani imekufa. Malizia na amri za systemctl: daemon-reload, enable, start.

Halafu kuna ulimit, mipaka ya mchakato kama idadi ya faili unazoweza kufungua. Zamani uliwasha huduma kwa mkono ukiwa ndani ya SSH (umeingia seva kwa mbali), ikarithi mipaka ya kikao chako. Sasa inawashwa na PID 1, yaani systemd yenyewe, na /etc/security/limits.conf haiigusi kabisa. Hifadhidata inagoma kufungua faili, watu wanalaumu diski! Weka LimitNOFILE=65536 kwenye .service yenyewe.

Na fstab, orodha ya diski za kupachikwa mashine ikiwaka: diski ya ziada ikikosekana, systemd inasubiri sekunde 90 kisha inaingia hali ya dharura, SSH hupati. Ongeza nofail na x-systemd.device-timeout=10s kwa kila diski isiyo ya lazima kabla ya kuhama.

Wauzaji wa programu mnaotoa kifurushi chenye skripti ya init.d pekee, mnamtupia mteja kazi yenu. Faili ya .service ni mistari kumi. Iandikeni.

Kwa wanaohama kwenda Debian 8 kwa mbali: usiwashe upya bila konsoli (njia ya kufikia skrini ya mashine bila SSH). Ikikwama, kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) ongeza init=/lib/sysvinit/init mwisho wa mstari wa kerneli, mradi kifurushi cha sysvinit hujakifuta.