Maji hayagandi kwenye seli ya almasi ingawa rubi inasoma GPa 1.3: kosa liko wapi?

Tone_la_Maji

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua seli ya fuawe za almasi, kifaa kinachobana sampuli ndogo kati ya ncha za almasi mbili. Lengo ni dogo: kugandisha maji kwa kuyabana tu bila kuyapoza, yaani nipate barafu VI na baadaye barafu VII (aina za barafu zinazotokea kwa presha kubwa) kwenye joto la chumba.

Vifaa ni hivi. Almasi mbili zenye ncha bapa ya mikroni 600, seli ya skrubu tatu. Gasketi, yaani kipande chenye tundu kinachozuia maji kati ya almasi, ni bati la chuma kisichoshika kutu, unene wa mikroni 250. Nimelibonyeza kwanza hadi likabaki 180, kisha nikatoboa tundu la mikroni 350. Ndani kuna maji yaliyokenekwa na chembe moja ya rubi ya kupimia presha: naimulika kwa leza, na mng'ao wake mwekundu husogea kadiri presha inavyopanda.

Shida ni mbili. Mstari wa R1 (mmoja wa mistari miwili ya mng'ao wa rubi, mwingine ni R2) umetoka nanomita 694.30 hadi 694.78, hesabu inanipa GPa 1.3 (gigapaskali, kipimo cha presha), lakini maji bado ni maji wakati inajulikana kwamba yanaganda karibu na GPa 1. Halafu nikiongeza kukaza, tundu linapanuka, linakimbilia kushoto, na ghafla maji hayapo. Gasketi tatu zimekufa kwa namna ileile.

La pembeni: chembe za rubi ya asili ya Longido, Tanzania, zinafaa badala ya rubi ya kutengenezwa?

Fuawe_Baridi

Mkuu, hizo ni shida mbili tofauti kabisa, usizichanganye. Naanza na tundu, maana hilo ndilo linaloweza kukuvunjia almasi.

Kinachozuia maji yasitoke ni msuguano kati ya gasketi na almasi, kuanzia ukingo wa tundu hadi ukingo wa ncha. Hiyo pete ya chuma ikiwa pana na kimo chake kifupi, inashikilia presha kubwa. Ikiwa finyu na kimo kirefu, maji yanaisukuma nje kama mtu anayesukuma mlango usio na komeo. Kipimo cha haraka ni upana wa pete kugawa kwa unene. Wewe una (600 − 350) ÷ 2 = mikroni 125, ugawe kwa 180: unapata 0.7. Ndogo mno. Bonyeza hadi unene ubaki 80 na utoboe tundu la 200: pete inakuwa mikroni 200, uwiano 2.5. Umeongeza zaidi ya mara tatu bila kubadilisha almasi wala chuma. Kuna msaada mwingine unaotoka kwenye chuma kilichovimba kuzunguka ncha, yaani kingo za kile kibonde ulichokitengeneza wakati wa kubonyeza. Ndiyo maana gasketi lazima irudishwe mkao uleule iliobonyezwa. Weka alama mbili kwa kalamu, moja pembeni na moja upande wa juu. Ukiigeuza kidogo tu, kibonde hakikai sawa na ncha na msaada umepotea.

Tundu likikaa sawa, ukikaza litasinyaa kidogo. Hiyo ni ishara njema. Likianza kupanuka, acha palepale, usitarajie litatulia. Chuma kinazidi kukonda, na mwisho almasi zinagusana.

Kukimbilia kushoto kuna sababu mbili tu. Ama tundu halikuwa katikati ya kibonde (kwa ncha ya 600 usivumilie kosa la zaidi ya mikroni 20), ama almasi haziko sambamba. La pili unalijua kwa dakika tano: toa gasketi, safisha ncha kwa asetoni, zilete almasi pamoja taratibu mno hadi zikaribie kugusana, uangalie kwa hadubini ukitumia mwanga mweupe. Utaona pete za rangi. Kila pete ni tofauti ya kimo ya karibu robo ya mikroni. Rekebisha kitako hadi pete zipungue na uso wote uwe na rangi moja. Zikiwa sambamba usikaze hata kidogo. Almasi kwa almasi bila gasketi ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata vumbi la bei ghali.

Mche_Mwekundu

Mwenzangu kamaliza gasketi, niingie kwenye rubi.

Kwa presha ndogo R1 husogea nanomita 0.365 kwa kila GPa. Wewe umesogea 0.48, kwa hiyo 1.3 ni sahihi kihesabu. Swali ni je, hiyo 694.30 uliipima lini na wapi? R1 husogea pia kwa joto, karibu nanomita 0.007 kwa kila nyuzi moja. Ukipima sifuri asubuhi chumba kikiwa nyuzi 22, ukapima presha mchana chumba kikiwa 30, umejizawadia nanomita 0.056, sawa na GPa 0.15 ambazo hazipo. Leza nayo inapasha chembe. Punguza nguvu yake nusu kwa nusu hadi mstari uache kuhama, ndipo usome. Sifuri ichukuliwe kwenye chembe ileile, ndani ya seli ileile kabla ya kuikaza, siku ileile.

Kuhusu kuganda: hiyo "karibu GPa 1" inategemea joto. Kwenye nyuzi 22 barafu VI huanza GPa 0.92, kwenye 25 ni 0.96, kwenye 30 ni 1.04. Kwa hiyo kama chumba chako ni cha Dar bila kiyoyozi, presha halisi inaweza kuwa 1.16 dhidi ya mpaka wa 1.04. Umeuvuka kwa kiasi kidogo sana, na maji safi kwenye tundu dogo hayana haraka. Hubaki kimiminika hata yakipita mpaka, kama yale yanayobaki maji chini ya nyuzi 0 kwenye chupa ambayo haijatikiswa. Ongeza hadi 1.3 au 1.4 ya kweli, usubiri. Yataganda kwa mpigo mmoja: tundu zima litajaa michirizi kama kioo cha gari kilichopasuka, na presha itashuka palepale kwa sababu barafu VI inachukua nafasi ndogo kuliko maji.

Angalia na umbo la mistari. R1 na R2 zitengane kwa nanomita 1.4 hivi na ziwe nyembamba. Zikivimba na kuungana ukiwa chini ya GPa 2, chembe imebanwa na almasi zote mbili, inabeba mzigo wa fuawe na siyo presha ya maji. Kwa tundu lenye kimo cha mikroni 80 tumia chembe ya 10, isizidi 20.

Longido: hapana, labda kwa kujaribia tu. Chuma kilichomo ndani ya rubi za asili kinazima mng'ao, na kiasi cha kromi hukijui. Rubi ya kutengenezwa yenye kromi kama asilimia 0.5 ni rahisi, na chembe moja ukiiponda inatosha miaka. Ile rubi yenye zoisaiti ya kijani iache kwa wachonga vinyago.

Gesi_Adimu

Kwa nini usianze na mchanganyiko wa methanoli na ethanoli 4:1? Hubaki kimiminika hadi karibu GPa 10, na gasketi inakuwa tulivu zaidi.

Mche_Mwekundu

@Gesi_Adimu hapa maji ndiyo sampuli. Ukiweka pombe, inachanganyika nayo na barafu huioni. Ila una hoja upande mmoja: gasketi ya nne aijaribu kwanza kwa huo mchanganyiko. Ikifika GPa 3 bila tundu kuhama, vipimo ni sahihi, atengeneze nyingine ileile kwa ajili ya maji.

Tone_la_Maji

Asanteni sana. Nimebaki na mawili. Nitajuaje unene umefika 80 bila kukata gasketi? Na maji yanakauka kabla sijafunga, nikifungua nakuta kiputo kikubwa cha hewa.

Fuawe_Baridi

Unene pima kwa maikromita yenye ncha za sindano, ile bapa haiingii kwenye kibonde. Kama huna, tumia hadubini: lenga uso wa juu wa kibonde kabla na baada ya kubonyeza, soma tofauti kwenye gurudumu la kulengea, ufanye hivyo pande zote mbili.

Kutoboa: mashine ya cheche ndiyo safi zaidi. Keekee ya mkono yenye biti ya kabaidi ya 0.2 mm inafanya kazi, lakini inaacha kingo zilizochongoka kuzunguka tundu. Ziondoe kwa ncha ya sindano ukiangalia kwa hadubini, kisha osha gasketi ndani ya asetoni. Ukingo uliosimama unaanza kubanwa kabla ya vingine, na tundu linakuwa yai.

Maji: tundu la 200 kwa 80 linabeba nanolita 2.5 tu. Hayo hukauka huku unatafuta kibano. Kwa hiyo usijaze tundu. Bandika rubi kwanza kwenye ncha ya chini, weka gasketi, kisha dondosha tone kubwa la sindano lifunike kibonde chote. Kiputo kikinasa mle, kiguse kwa unywele au ncha nyembamba ya sindano kitoke. Funga seli tone likiwa bado limevimba; maji ya ziada yatajitoa yenyewe pembeni. Kiputo kidogo kuliko rubi kitayeyuka ukianza kubana, usihangaike nacho. Kikubwa fungua urudie, maana hewa inabanika na tundu litajikunja kabla presha haijapanda.

Skrubu tatu zikaze kwa zamu, moja ya kumi na sita ya mzunguko kila moja, ukirudi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya kila zamu subiri dakika 5 hadi 10, chuma bado kinatambaa. GPa 2.2 juu ya ncha yote ya mikroni 600 ni nyutoni 620 hivi, uzito wa mtu wa kilo 63. Chuma cha pembeni kitadai zaidi, lakini ukiona unakunja uso ili skrubu izunguke, nguzo za kuongozea zinasugua, fungua, usafishe. Wakati wa kushusha nenda polepole vilevile, almasi nyingi hupasukia hapo. Na vaa miwani ya kujikinga.

Mche_Mwekundu

Naongeza mawili ya kuona.

Ukitaka fuwele moja nzuri badala ya ile michirizi: ganda kwanza, kisha pasha seli kwa draya ya nywele huku ukiangalia. Kwa GPa 1.5 barafu VI huyeyuka karibu nyuzi 54. Fuwele zitapotea moja moja. Ikibaki moja ndogo, ondoa draya. Itakua taratibu, ikiwa na nyuso zilizonyooka na kona kali. Seli ikiwa imesimama wima utaiona imezama chini, siyo kuelea kama barafu ya kwenye glasi.

Barafu VII inaanza GPa 2.1 hadi 2.2. Weka vichujio viwili vya polaraizesheni vilivyopishana nyuzi 90, kimoja chini ya seli na kingine juu. Barafu VI itang'aa na kufifia ukizungusha seli. VII ina fuwele za mpangilio wa mchemraba, inabaki nyeusi kila upande. Ukiona weusi unaenea kutoka pembeni, umefika. (Mwaka 2018 barafu VII ilitangazwa kuonekana ndani ya almasi za asili, iliyonaswa humo tangu kwenye vazi la dunia, tabaka lililo chini ya ganda lake. Almasi yenyewe ilikuwa seli.)

Draya ikiwa imetumika usisome rubi hadi seli ipoe kabisa. Kutoka nyuzi 30 hadi 54 peke yake inakuongezea nanomita 0.17, yaani karibu GPa 0.46 za uongo, na kesho utarudi hapa kuuliza kwa nini barafu VII haionekani.