Bunduki ya leva ya bei nafuu kaliba .357, nianze kuirekebisha wapi?

Shabaha_Taratibu

Wakuu heshima kwenu. Nimenunua bunduki ya leva (ile unayopakia kwa kuvuta mkono wa chuma ulio chini ya triga), nakala ya Winchester 1892, mtutu inchi 20, kaliba .357 Magnum, ndo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote pale dukani na kibali kipo safi. Nilitaka inayokula risasi zilezile za rivolva yangu ili nisihangaike na aina mbili. Usahihi wake sina lalamiko kabisa, inapiga ninapolenga. Shida ni kwamba leva ni nzito na ukiivuta unasikia inakwaruza ndani, mlango wa kupakia umebana na kingo zake ni kali, risasi ya tano au ya sita kidole gumba kinaanza kuchubuka, halafu ganda likitoka linaruka mbali huko hata kuliokota ni kazi. Kile kilengeo cha nyuma chenye pembe mbili nacho kinaziba nusu ya shabaha. Na nikiweka .38 Special, zile fupi zinazoingia humohumo, kuna ambazo zinakwama njiani wakati .357 zinapita tu.

Sasa naombeni ushauri, yapi naweza kufanya mwenyewe mezani na yapi nimwachie fundi? Na inafaa kweli kuitia hela au niiuze niongezee nichukue ya bei ya juu?

ChumaNaMbao

Usiuze mkuu, tafadhali. Hiyo bunduki uliyonayo imechorwa na John Browning mwenyewe, na Winchester walitengeneza zaidi ya milioni moja za muundo huo. Ukifungua leva ukaangalia nyuma ya bolti (kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma) utaona vyuma viwili vinapanda wima kila upande na kuifunga, hapo ndo siri ya nguvu yake ilipo, maana ile 1873 iliyoitangulia ilikuwa inategemea viungo vinavyojikunja kama goti. Ndo maana leo kuna nakala za 1892 zinazobeba .44 Magnum na hata .454 Casull. Kwa hiyo mifupa unayo, ulichokosa ni yale masaa ya fundi kukaa na kulainisha kwa mkono, na hayo ndo sehemu kubwa ya hela unayolipa kwenye zile za bei kubwa.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote hakikisha haina risasi. Magazini ya bomba inaweza kuficha moja ya mwisho, kwa hiyo usitosheke na kuchezesha leva tu, washa tochi uangalie ndani mpaka uone kile kisukumio cha risasi kwa macho yako. Risasi za kweli ziwe chumba kingine.

Halafu isafishe, grisi ya kiwandani ni nzito na mara nyingi ina chembechembe za chuma, toa yote weka oili nyepesi. Kisha tafuta risasi bandia za mazoezi na uchezeshe leva jioni ukiwa umekaa, ichezeshe sana, wiki nzima, bila msasa wala nini. Utashangaa malalamiko mangapi yataisha yenyewe.

Baada ya hapo ndo ufungue uangalie ndani. Palipong'aa ndo panaposuguana. Chukua msasa mlaini namba 600 halafu 800 wenye oili, ondoa vile vijinundu tu vilivyoachwa na mashine, usibadilishe umbo la kitu. Sehemu yenye faida kubwa kuliko zote ni chini ya bolti pale inaporudi nyuma na kuikandamiza nyundo mpaka ijifunge, uzito mwingi wa leva unatoka hapo. Mlango wa kupakia nao zungushia kingo kwa msasa huohuo mpaka ukipitisha kidole usisikie ukali.

Viwili usiviguse kamwe: vile vyuma viwili vya kufunga bolti pamoja na njia zake, na zile kata za kwenye nyundo (mikato inayoishikilia ikivutwa). Ukipunguza chuma kwenye vifungo risasi inakaa na nafasi nyuma yake, ganda linaweza kupasuka. Ukichezea kata za nyundo ile nusu ya kujifunga (nyundo ikivutwa nusu tu) inaweza isishike, na kwenye muundo wa asili hiyo nusu ndo sefti yenyewe. Triga kama inakusumbua mpe fundi bunduki anayejulikana.

Baruti_Kavu

Naungana na ChumaNaMbao ila niongezee kuhusu springi maana watu wengi wanaanzia hapo na wanaharibu. Springi ya nyundo usiikate. Leva itakuwa laini ndiyo lakini nyundo itapiga kwa unyonge na viwashio vigumu (vile vya kitakoni mwa risasi vinavyogongwa na kuwasha baruti) havitawaka, na ukishakata huwezi kurudisha. Kuna za kununua zenye nguvu ndogo kidogo, nunua hiyo na ya zamani uiweke.

Ganda kuruka mbali ni springi ya kitoleo (kile kinachorusha ganda nje) ndani ya bolti, kwenye nakala nyingi za bei nafuu wanaiweka ngumu kupita mahitaji. Hiyohiyo ndo inafanya mwisho wa kufunga leva uwe mgumu, kwa sababu unapofunga unaibana. Ukiweka laini unapata faida mbili kwa mpigo. Hakikisha tu ganda bado linatoka vizuri hata ukivuta leva taratibu.

Sasa hizo .38. Ganda la .38 Special ni fupi kuliko la .357 kwa kama milimita 3.4, na 1892 inachagua urefu kwelikweli, kile kinyanyuo cha risasi kimepimwa kwa risasi ndefu. Tafuta .38 zenye kichwa cha mviringo kilichobapa mbele, uzito wa greni 158, nyingi zinapita. Zile zenye kichwa kilichokatwa flati usawa na ganda achana nazo kwenye leva. Na usivute leva kwa huruma, sukuma mpaka mwisho wa mbele na urudishe mpaka mwisho, kwa nguvu moja. Kukwama kwingi kunatoka kwenye mkono unaoishia njiani.

Jingine, ukipiga .38 nyingi zinaacha pete ya masizi ndani ya chemba (mwanzo wa mtutu risasi inapokaa) pale ganda fupi linapoishia, halafu .357 zinaanza kugoma kuingia. Brashi ya shaba kila baada ya mazoezi inatosha. Na kumbuka ni .38 ndani ya bunduki ya .357 tu, kinyume chake hapana. Wala usiweke risasi zenye ncha kali kwenye magazini ya bomba, ncha inakaa juu ya kiwashio cha mwenzake aliye mbele.

Kuhusu thamani, .357 ya greni 158 kwenye rivolva ya inchi 4 inatoka kama mita 380 kwa sekunde, kwenye mtutu wako inaweza kufika 550 kutegemea baruti. Teke lake bado dogo. Hapo sioni sababu ya kuuza.

Shabaha_Taratibu

Aisee nashukuru sana. Nimecheza na leva siku kadhaa kwa risasi bandia na kweli ule mkwaruzo umepungua. Vilengeo je? Nilikuwa nafikiria darubini.

Tundu_Dogo

Darubini kwenye 1892 inasumbua, maganda yanatokea juu, kwa hiyo ukiifunga juu ya bolti inazuia. Ungekuwa na Marlin 1894 sawa, ile inatoa kwa ubavuni. Kwako weka kilengeo cha tundu nyuma kabisa karibu na jicho. Hutafuti kati ya pembe tena, unaangalia ndani ya tundu na jicho lenyewe linajiweka katikati, kazi yako inabaki kilengeo cha mbele tu. Pia umbali kati ya vilengeo unaongezeka, makosa yanapungua.

Ila jiandae, ukibadilisha cha nyuma huenda ikapiga juu ukahitaji cha mbele kirefu zaidi. Hesabu yake rahisi: zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali wa shabaha. Mfano inapiga juu sentimita 10 kwenye mita 50 na vilengeo vimeachana sentimita 60, basi ongeza milimita 1.2. Pima kwa risasi moja uliyoamua ndo yako, maana .38 na .357 hazitui sehemu moja.

Shabaha_Taratibu

Safi kabisa. Basi naanza na tundu na springi ya kitoleo. Kuifungua nahitaji vifaa gani maalum?

ChumaNaMbao

Bisibisi tu, lakini ziwe zile za mafundi bunduki, ncha yake pande zake zinakwenda sambamba na inajaza mfereji wote wa skrubu. Hizi za kawaida zimechongoka, zinateleza na kung'oa vichwa. Kama skrubu imeganda, tia oili upenyo ukaiache usiku kucha kabla hujalazimisha. Na kile kitoleo kina springi iliyobanwa, ukikivuta funika na kitambaa kisikurukie usoni, miwani vaa pia.