Poti ya juu iko wazi kwenye seva na haina jina la programu

mwana_jinja
Wakubwa, seva yetu ya Debian 12 hugawa mafaili ya ofisi kwa NFS (njia ya kushiriki mafaili kupitia mtandao). `sudo ss -tulpn`, inayoorodhesha poti zilizo wazi, inaonyesha 22 (SSH), 111 (rpcbind, orodha ya huduma na poti zake) na 2049 (NFS), ila ipo pia 41873 kwenye 0.0.0.0 (yaani anwani zote za seva), na pale panapokaa jina la programu na PID (namba ya mchakato) ni patupu. `lsof` nayo kimya. Nilipowasha seva upya, ikawa 38217. Tumeingiliwa?

fundi_mbale
Ssebo, tulia kwanza. Bila sudo, `ss` huficha michakato ya watumiaji wengine. Wewe umetumia sudo na bado ni patupu, basi soketi hiyo huenda ni ya kerneli yenyewe (kiini cha Linux), si ya programu. Tazama 2049: nayo haina jina, kwa sababu hiyo hiyo. Endesha `rpcinfo -p`, inayosoma orodha ya rpcbind, utafute namba yako ya poti.

mwana_jinja
Imeandikwa `nlockmgr`, 100021. Naifungaje?

fundi_mbale
Hiyo ndiyo huweka kufuli (lock) kwenye mafaili kwa wateja, yaani kompyuta zinazotumia seva, wa NFSv3 (toleo la 3, kwa kifupi v3). Usipoipangia poti, huokota yoyote ya juu kila inapoanza, ndiyo maana ilihama. Kama bado mna wateja wa v3, andika kwenye `/etc/modprobe.d/lockd.conf`:

`options lockd nlm_tcpport=32803 nlm_udpport=32769`

Washa seva upya, kisha ruhusu poti hizo kwa mtandao wa ofisi tu.

atim_gulu
Mimi ningeiacha v3 kabisa. NFSv4 huweka kufuli za mafaili kupitia 2049 peke yake. Hakikisha wateja wote wako v4 (`nfsstat -m` kwa kila mmoja), weka `vers3=n` chini ya `[nfsd]` katika `/etc/nfs.conf`, halafu:

`systemctl mask --now rpc-statd.service rpcbind.service rpcbind.socket`

Wengi husahau hiyo `.socket`. Ukizima `.service` tu, ombi la kwanza likigonga 111 rpcbind inafufuka, nawe unadhani seva ina mapepo. Kisha anzisha upya `nfs-server`.

fundi_mbale
Sawa kabisa. Nyongeza kwa atakayesoma baadaye: WireGuard (VPN iliyo ndani ya kerneli) nayo haina jina, lakini ni UDP, kawaida 51820. Poti isiyo na jina ambayo si hiyo na `rpcinfo` haiitambui, hapo ndipo pa kushtuka, na `ss` ya seva hiyo hiyo usiiamini tena. Pima poti za seva kwa `nmap -Pn -p-` ukiwa nje, kwa data ya simu, si kwa laini ya ofisi: ukiwa ndani utaona hata zile ambazo ruta imezizuia.