Tulipu pori mwaka wa tatu zinatoa jani mojamoja tu, ua hakuna. Nizing'oe zote?

Mama_Kokoto
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

Nina bustani ndogo ya mawe kwenye mteremko. Jua lipo, udongo nimechanganya nusu kwa nusu na kokoto ndogo, maji hayatuami hata mvua ikinyesha usiku kucha. Nilipanda tulipu pori, zile fupi, si zile kubwa za kuwekwa kwenye chombo cha maua mezani. Mwaka wa kwanza zilichanua zote, nyekundu, mpaka nikatokwa machozi. Mwaka wa pili zikachanua 6. Mwaka huu kila mahali jani moja, dalili ya ua hakuna. Baridi zilipata ya kutosha, miezi minne kamili.

Nizing'oe zote nizikaushe nipande upya, au nibadilishe udongo? Naomba majibu leo leo.

Jiwe_la_Pembeni
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi njooni.

Subira_Njema
Dada, shida yetu sote ni haraka. Mmea wa mlimani umezoea kulala chini ya theluji, kuamka wiki chache, kisha kulala tena kiangazi chote. Wewe miaka mitatu tu tayari umeshika jembe. Usiuhukumu mmea kwa kalenda yako.

Mzee_wa_Mteremko
Mimi nilihangaika na za kisiwa cha Krete, Ugiriki, aina ya Tulipa saxatilis. Miaka 5 majani tele, ua hata moja. Zile zinatambaa chini kwa chini, zikipata nafasi na udongo mnono zinasahau kabisa kuchanua. Nikajenga sanduku la mawe, nikazibana humo kwenye udongo duni mahali panapochomwa na jua mchana kutwa. Mwaka wa pili wake nikaamka asubuhi nikakuta maua ya waridi yenye moyo wa njano. Mke wangu alidhani nimeanguka, maana nilipiga kelele. Goti langu ndilo lilikuwa limeanza kusumbua mwaka huo, ila hiyo ni habari ya siku nyingine. Zibane, mama. Zitese kidogo.

Kipima_Udongo
Kabla hatujatesa mtu, maswali manne. Ni aina gani? Ulipanda vitunguu vingapi, yaani vile viazi vya tulipu vya chini ya udongo? Sasa hivi kuna majani mangapi? Na maua yakishadondoka, majani unayafanyaje?

Mama_Kokoto
Ni nyekundu za kawaida tu. Jamani tusitoke nje ya mada, swali langu ni kung'oa au kutong'oa.

Kipima_Udongo
Dada yangu, majani unayafanyaje?

Mama_Kokoto
Haya. Mwaka jana niliyakata, kama wiki moja baada ya maua. Yalikuwa yamelala juu ya mawe, yanaharibu sura ya bustani nzima, na niliwahi kuambiwa kwamba kitunguu kikishachanua kazi yake imekwisha. Sikuona ubaya wake na hata sasa sina hakika kama ndiyo sababu.

Na niseme tu: jana jioni nimeshang'oa upande wote wa kushoto. Viko kwenye ndoo. Kama udongo ndio mbaya, nimeviokoa.

Bwana_Reki
Ukiomba ushauri, kwanza tua jembe chini 😂

Kipima_Udongo
Tusimcheke, kosa hili wengi tumelifanya. Mama Kokoto, nisikilize vizuri. Kitunguu cha tulipu hakiishi miaka mingi kama unavyodhani. Kila mwaka kile cha zamani kinaliwa chote na shina na ua, na pembeni yake kinajengwa kipya. Kinajengwa na nini? Na majani yale yale uliyoyakata. Uliyaondoa wakati ndiyo kwanza kazi inaanza, kwa hiyo vilivyobaki chini ni vidogo, havina akiba ya kutengeneza ua. Kitunguu chenye njaa hutoa jani moja pana, basi. Udongo wako hauna kosa.

Rudisha vya kwenye ndoo leo, na majani yake, mwagilia, halafu usiguse mpaka yakauke yenyewe na kung'oka bila kuvutwa. Hakuna dawa nyingine. Lakini bado hujataja aina, na aina ina maana.

Mama_Kokoto
Ni Tulipa sprengeri. Sikutaka kusema kwa sababu ni ya marehemu baba. Aliichimba mwenyewe mlimani karibu na Amasya, Uturuki, akaja nayo nyumbani. Ndiyo maana nina presha hivi. Zikifa hizi sina nyingine.

Mchimba_Ukweli
Hapo sasa nimenusa chai. Sprengeri ilipewa jina mwaka 1894 na Baker, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, kwa vitunguu vilivyotoka pande hizo za Amasya mwishoni mwa karne ya 19. Tangu hapo watu wameitafuta milimani hawajaipata, inahesabiwa kuwa imetoweka porini. Zote zilizopo duniani ni za bustanini. Halafu baba yako akapita tu na jembe akazikuta? Uzi huu umetungwa.

Jiwe_la_Pembeni
Chai, na sukari imezidi.

Subira_Njema
Na kama si chai ni vibaya zaidi. Mtu anachimbaje mmea unaotoweka? Tulipu pori zimepungua sehemu nyingi kwa kuchimbwa hivyo hivyo. Kitu cha mlimani kiachwe mlimani.

Mzee_wa_Mteremko
Polepole na wafiwa, vijana.

Mama_Kokoto
Mmenitoa machozi. Nimekwenda kutafuta bahasha yake kabatini, hii hapa mkononi. Karatasi ya kaki, kona moja imeliwa na mende. Mwandiko ni wa baba, kalamu ya risasi: "sprengeri, mbegu, panda mara zikikomaa, usiziweke". Basi. Hakuna mlima, hakuna Amasya. Ndani kimebaki kipande kimoja chembamba cha mbegu, bapa, rangi ya kahawia.

Habari ya mlima alinisimulia nilipokuwa mtoto na mimi nikaishika hivyo hivyo. Pengine alikuwa anasimulia ua lilikotoka, mimi nikaelewa alilichimba yeye. Vitunguu alivyoniachia vilikuwa kwenye chungu. Kumbe alivikuza mwenyewe. Wa kumuuliza hayupo.

Mchimba_Ukweli
Pole sana, mama. Naliondoa lile neno. Kwa mbegu inaingia akilini kabisa, sprengeri hupeanwa hivyo kati ya watunza bustani. Nisaidie kitu kimoja: ua lake kwa nyuma likoje?

Mama_Kokoto
Ndani jekundu kali, halina doa jeusi katikati. Nyuma ya petali za nje kuna rangi iliyofifia, kama majani makavu. Nazo huchelewa sana, tulipu zote zikishaisha ndipo zinaanza.

Mchimba_Ukweli
Ndiyo yenyewe. Hakuna tulipu inayochelewa kama hiyo.

Kipima_Udongo
Basi sasa naomba majibu ya yale maswali mawili uliyoyaruka. Ulipanda vingapi, na majani ni mangapi?

Mama_Kokoto
Nilipanda 9. Nimetoka kuhesabu sasa hivi, upande ambao sijaung'oa peke yake ni 41. Machache ni mapana kama vidole vyangu viwili. Mengi ni membamba. Mengine membamba mno, nilikuwa nayang'oa nikidhani ni nyasi.

Kipima_Udongo
Usiyang'oe! Mwaka wa kwanza vitumba vya mbegu uliviacha?

Mama_Kokoto
Niliviacha. Nilikuwa naumwa, sikuingia bustanini mpaka vilipopasuka vyenyewe.

Kipima_Udongo
Basi hao ni watoto. Aina hii hujiotesha kuliko karibu tulipu zote. Mche wa mwaka wa kwanza ni uzi tu wa kijani, wa pili jani jembamba, na ua huja baada ya miaka minne, mitano au zaidi. Yale mapana ndiyo wazee wako wenye njaa. Na Mzee wa Mteremko anisamehe, ushauri wa kuzitesa unafaa saxatilis, usiufuate hapa. Sprengeri inavumilia kivuli chepesi na udongo wenye majani yaliyooza. Jua la kuchoma na kokoto tupu inavumilia tu, haivipendi sana.

Mzee_wa_Mteremko
Hakuna cha kusamehe. Mimi mwenyewe nataka mbegu zikipatikana.

Mama_Kokoto
Nimerudisha vyote vya kwenye ndoo, 26, nimemaliza kwa tochi. Vingine vidogo kama punje ya mtama, nilikuwa navitafuta kwa kucha. Nimevipanda upande wenye kivuli cha jiwe kubwa.

Pembeni ya jiwe nimekuta uzi mmoja wa kijani umejikunja, ncha yake bado imebeba ganda la mbegu, la kahawia, kama lile la kwenye bahasha. Nimelichomekea kijiti ili nisilikanyage.