Mjadala: Zanzibar tuendelee na jimbo moja, mshindi mmoja?

Mtoa mada: Assalamu alaykum. Nasema tuhamie uwiano wa kura, yaani kila chama kipate viti kulingana na sehemu yake ya kura zote. Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP (viti 12) na ZPPP (viti 6) vikaungana kuunda serikali. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na kura ya ziada katika jimbo ambalo chama kimekwisha kushinda haiongezi kiti. Wenzao walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Kwa uwiano, ASP ingepata viti 16 au 17, yaani wingi. Uhuru ulikuja Desemba 10. Januari 12 serikali ile ikapinduliwa.

Wa Wete: Sheikh, hilo la 1963 nakubali. Lakini 1995 viti vya Baraza la Wawakilishi vilifanana na kura: CCM 26, CUF 24, na Pemba CUF ilichukua vyote 21. Urais ndio uliotuchoma. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8, na aliyekosa akakosa kila kitu. Kiti kimoja hakigawiki kwa uwiano wowote.

Mtoa mada: Ndiyo maana 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Kikwajuni: Umoja huo una tundu kubwa. Umakamu wa Kwanza wa Rais unategemea chama cha pili kishiriki na kifike asilimia 10 ya kura. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, hakuna wa pili aliyefika. Kiti kikakaa kitupu hadi baada ya uchaguzi wa 2020. Kanuni ya kugawana haisaidii pale matokeo yenyewe yanapofutwa. Tume ya uchaguzi ndiyo ya kutengenezwa kwanza.

Wa Wete: Hapo umesema kweli tupu. Na uwiano nao una mitego. Mkifanya orodha ya wagombea wa kila chama kwa mkoa, mkoa wenye viti vinne unadai chama kivuke asilimia 20 ndipo kiwe na uhakika wa kimoja. Vyama vidogo havitaonja kitu. Tena anayepanga majina ni makao makuu ya chama. Mwakilishi atamwogopa katibu wake kuliko watu wa Micheweni.

Mtoa mada: Basi orodha iwe moja kwa kila kisiwa, na mpiga kura achague jina ndani ya orodha, si chama tu.

Wa Wete: Kwa sharti hilo naunga mkono, ila viti vya Pemba visipunguzwe.