Bastola ya .22 ya bei chee, ina raha gani?

Wakuu, shemeji yangu yuko Texas, kanunua Heritage Rough Rider, rivolva ya risasi ndogo za .22. Anaisifia mpaka kero. Desemba naenda kwake. Kuna nini humo?

— Mkuu, niliishi huko kabla ya kurudi Tegeta. Raha ni risasi zake: bei rahisi, haina teke. Unavuta nyundo ya nyuma ya bastola kwa dole gumba, makopo ya soda yanaruka. Ila fremu ni aloi ya zinki, na maganda unayasukuma kwa kijiti, moja moja! Nilichoka. Risasi ikigoma usifungue haraka, elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri nusu dakika.

— Asante kaka. Nikirudi nayo?

— Bila kibali? Utalala ndani, Kariakoo utaisikia redioni.